Baba na Mama, someni hii mkiwa wawili tu

Tumsifu Yesu Kristu.

Salamu nyingi kutoka huku Köln, mimi niko salama, kazi ya wodi inaendelea na baridi imeanza kuuma. Fii ya shule nimetuma, najua imefika. Leo nimeamua kuandika juu kwa simu kila nikitaka kusema hii maneno mnaniuliza nitaoa lini na hapo mdomo unaniwia mzito.

Mama, ule msichana wa kwaya unanitumia picha zake ni msichana mzuri na ametoka boma nzuri, lakini tafadhali usiendelee kuongea na wazazi wake. Sitamuoa. Sitaoa mwanamke yeyote. Mimi ni shoga. Na yule rafiki yangu mnamsalimianga tukipiga video, yule Mama ulisema amekonda apikiwe ugali, si mtu tunagawana rent tu, ni mtu wangu, tunapendana na tunaishi pamoja.

Baba, najua hapa umetoa miwani. Irudishe, tafadhali usome mpaka mwisho.

Najua mtasema Wazungu ndio wameniharibu. Hapana. Nilijijua nikiwa darasa la saba hapo Section 58, Nakuru, hata Nairobi sikuwa nimefika. Mnakumbuka nikiwa fom foo tulienda kuhiji Subukia, tukapanda kile kilima na njia ya msalaba, nikachota maji ya chemchemi na chupa ya soda, nikawa nakunywa kifuniko kimoja kila usiku nikimaliza rozari, na Mama ukawa unaambia majirani kijana anaombea KCSE? Sikuwa naombea mtihani. Nilikuwa namwomba Mungu anitolee hii kitu ama anichukue nikiwa usingizini, nisiamke tena. Maji yaliisha, mtihani nikapita, na bado nilikuwa vile niko. Hiyo ndio miaka mibaya ya maisha yangu, si hii ya huku.

Na sikuwa na mtu wa kuambia. Binyavanga Wainaina, yule mwandishi, mtoto wa Nakuru hapo hapo, alipotangaza Januari 2014 kwamba yeye ni shoga, Baba ulizima TV ukasema huyo ameaibisha wazazi wake. Nilikuwa nimekaa kwa kile kiti cha mlangoni. Alifariki Mei 21, 2019, na siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikakataa kuondoa ile sheria ya kifungu 162 ya kutufunga mashoga, ile ya miaka 14 jela. Hizo siku nililia peke yangu nikajua sitawahi ambia mtu yeyote wa kwetu. Halafu Februari 2023, Mahakama ya Juu ilipokubali shirika la mashoga lisajiliwe, mnajua venye uncle aliandika kwa grupu ya familia, ati hawa watu wachomwe. Mama uliweka chini yake ile mikono ya kuomba. Nilikuwa natoka shifti ya usiku, nikasimama kwa stesheni nikiangalia hiyo mikono mpaka treni ikaniacha. Mama, huyo wa kuchomwa ni mimi. Sidhani ulijua, na ndio maana nakuambia.

Baba, wewe ni katekista, umefundisha nusu ya watoto wa parokia, kwa hivyo sitakuhubiria. Naomba tu ufungue Katekisimu yako namba 2358. Ndiyo, namba 2357 imesema yale unajua, na sijifanyi haiko. Lakini 2358 inasema watu kama mimi tupokewe kwa heshima na huruma, na tusibaguliwe kwa uonevu. Na Januari 2023 Papa Fransisko alisema wazi kuwa shoga si jinai. Neno dhambi hakuliondoa, lakini aliwaambia maaskofu wanaounga mkono sheria za kutufunga kwamba wao ndio wanahitaji kuongoka. Bado naenda misa, Baba. Rozari ile ulininunulia Subukia iko kwa begi ya kazi.

Siombi mbariki, wala msitangaze kwa jumuiya, hata naomba msitangaze kabisa juu hiyo sheria bado iko na majirani ni majirani. Na tafadhali msiniitie mtu wa kutoa mapepo, sina pepo. Mimi nataka kujua kitu kimoja: Disemba nije nyumbani ama nisije? Nitakuja peke yangu. Nataka kulala kwa chumba changu, nimsaidie Baba na kuku wa Krismasi, Mama unitume sokoni kama zamani. Kama mnahitaji muda, niambieni mnahitaji muda, nitangoja mwaka hata miwili. Kunyamaza ndio sitaweza.

Sista yangu anajua kitambo, msimgombeze, mimi ndio nilimwapisha. Na fii itaendelea kuja hata mkikasirika, hiyo si ya kununua jibu.

Jumapili niko off siku nzima. Mkitoka misa ya pili mnipigie. Baba akikataa, Mama wewe piga tu ukiwa jikoni.

Kijana wenu wa kwanza