Taarifa ya mwenyekiti kwa wanakikundi wa kujifunza Biblia, mwaka huu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mahesabu yatasomwa na mhazini baada yangu, mwenye swali la hela amuulize yeye, asinivizie mimi pale getini.

Kubwa la mwaka huu ni kwamba tumeacha kuhubiriana. Mnakumbuka ilivyokuwa, mtu mmoja anasimama anaongea saa nzima, sisi wengine amina, amina huku tunachungulia simu, na padri akisafiri ndio basi hakuna somo. Sasa tunafuata zile hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, yaani tunamkaribisha Bwana, tunasoma kifungu kifupi, kila mtu anataja kwa sauti neno au mstari uliomgusa bila kuuelezea, tunakaa kimya, halafu ndio tunashirikishana, tunajiuliza sisi tufanye nini, tunafunga kwa maombi. Hiyo ya kukaa kimya ilitushinda mwanzoni, watu wanakohoa tu, mzee mmoja akaona bora aanzishe pambio.

Manung'uniko yalikuwepo na nayasema hapa hapa yasije yakazunguka mtaani. La kwanza eti hizo hatua ni za Wakatoliki. Ndiyo, Lumko ni ya kwao, kwani shida iko wapi? Sisi Waanglikana wenyewe kwenye Kitabu cha Sala cha zamani Jumapili ya pili ya Majilio tuna ile sala ya Cranmer, yule askofu mkuu wa Canterbury, ipo tangu 1549, tunaomba tuyasikie Maandiko, tuyasome, tuyazingatie, tujifunze na kuyameza kabisa, sasa utamezaje kama anayetafuna kila siku ni mwenzako?

La pili ni kwamba bila padri tutapotoka. Padri ameturuhusu na vifungu anavipitia yeye, hilo liishe. Halafu waulizeni wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki, watawapeleka Namirembe, Kampala, mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, wamekaa wawili na Biblia wanasoma habari za Roho Mtakatifu. Hakuna aliyekuwa padri hapo! Mganda na Mwingereza, tena enzi za ukoloni, na ule moto wa uamsho ukaja kufika Kenya na Tanganyika, leo tunaogopa kukaa sebuleni kwa mtu?

Ila siku iliyonimaliza maneno ni ile ya Luka 18, mfano wa mjane aliyekuwa akimwendea kadhi kila mara kudai haki yake. Mimi nilijiandaa kuongea habari za kudumu katika maombi, nimeandika mpaka kwenye daftari. Ikafika zamu ya mama mmoja mjane, huwa haongei kabisa, akataja tu "nipatie haki" akanyamaza. Kwenye kushirikishana akasema yeye huyo mjane anamjua, mashemeji wamechukua shamba na kila akienda kufuatilia anaambiwa njoo wiki ijayo. Nikafunga daftari langu. Tulipofika ile hatua ya tufanye nini hakuna aliyesema tutakuombea mama halafu akaaga, wawili walijitolea kumsindikiza baraza la kata na wameenda naye zaidi ya mara moja, kesi haijaisha ila haendi tena peke yake. Kwa mimi hiyo tu inatosha kuwa taarifa.

Mahudhurio msimu wa kilimo yalishuka kama kawaida, hapo simlaumu mtu, mvua za Dodoma hazisubiri ratiba yetu. Wanaume ndio sielewi, maana mvua zimekata na bado hamji, mnawaleta wake zenu na pikipiki mnaishia nje. Vijana wanasomea kwenye simu, sina neno, ila ile midundo ya meseji katikati ya kimya hapana jamani.

Chai pia tuongee. Nyumba zimeanza kushindana, huku maandazi, kule sambusa, juzi pilau, na najua wapo waliokataa zamu ya kukaribisha kwa sababu hiyo. Kamati imeamua chai na kitu kimoja tu, basi.

Tunaanza kitabu cha Ruthu Jumatano ijayo saa kumi na moja jioni, nyumbani kwa katibu. Kuongoza ni kwa zamu, karatasi iko kwa katibu, andikeni majina kabla hamjatoka, na viti vya kanisa vilivyobaki majumbani virudi Jumamosi.