Mwanangu, Kiza Kikae Jikoni

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Rasimu yako nimeisoma yote. Bi Riziki wa Ngamiani, anayepika vitumbua kwa moto aliopewa na jini wa mapango ya Amboni, anapendeka tangu mstari wa kwanza. Ndiyo maana nakuomba umtoe yule muuaji uliyemleta sura ya nne. Hadithi tulivu haitishi kwa kitu cha kutoka nje. Kiza chake hutoka katika kile kile kinachompa msomaji raha, na raha yako wewe ni ule moto.

Basi moto uwe na bei. Hautaki mkaa wala hauzimiki, ila kila asubuhi unakula kumbukumbu moja ya mwenyewe. Usilitangaze hilo. Sura ya kwanza atenge vikombe viwili, naye anaishi peke yake. Ya pili amkaribishe mteja wake wa siku zote kama mgeni. Ya tatu aimbe wimbo wa kubembeleza mtoto, akwame katikati. Dalili zikizidi hapo, msomaji ataacha kustarehe na kuanza kupeleleza.

Kinachobeba yote haya ni kazi ya mikono, na hapo umeharakisha mno. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui, ukatiwa iliki na hamira, ukaachwa uumuke mpaka utoe povu. Wewe umeuumua kwa uchawi, kufumba na kufumbua! Mama huyu akipata kila kitu bure, nani ataamini kwamba moto unamgharimu? Uchawi uishie motoni. Kikaango kisiposhika moto, vitumbua hunata. Moto ukizidi, huungua nje na ndani vikabaki vibichi. Itumie hiyo: siku anayopoteza kumbukumbu kubwa, moto uwake kupita kiasi, kikaango kizima kiungue. Usieleze sababu.

Popo wa Amboni hutoka mapangoni magharibi, si adhuhuri, rekebisha. Na sadaka ambazo watu huwawekea mizimu mle ndani usizifanyie mzaha. Jini wako apige hodi, aamkie, adai chake kwa upole. Upole huo utatisha kuliko makucha.

Mwishoni usimrudishie Bi Riziki kila kitu. Jirani aje kila jioni amsimulie maisha yake, asubuhi yapotee tena, na wateja washibe.

Nitumie sura ya nne ukishaiandika upya. Ya tano usiiguse kwanza.

Mama yako