Daktari wa akili kwa simu: tupeni na chumba

Mhariri,

Huku Rukwa, mgonjwa wa akili akipewa rufaa ya hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, familia huuza mahindi ya akiba kupata nauli ya watu wawili, maana mwenyewe hawezi kusafiri peke yake. Kwa hiyo suala la daktari kumwona mgonjwa kwa video naliunga mkono, hasa kwa wale wa marudio.

Ila wanaolipigia debe wanasahau nyumba zetu zilivyo. Mpwa wangu huongea na mshauri wake akiwa amejibanza nyuma ya banda la kuku, sauti chini, kwa sababu sebuleni wamejaa watu. Akifika penye uchungu, bando linakata. Hiyo nayo tuiite tiba?

Ombi langu kwa Wizara ya Afya: kila kituo cha afya kitenge chumba chenye mlango unaofungika, intaneti, na muuguzi awe jirani. Muuguzi si pambo. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, lazima apimwe damu mara kwa mara, kwani dawa ikizidi mwilini ni sumu, na damu haipimwi kwenye skrini. Anayesema anataka kujiua naye asiachiwe simu tu. Awepo wa kumpeleka hospitali saa hiyohiyo.

Na dawa ziwepo dirishani, si kutumiwa cheti kwa WhatsApp halafu unazunguka maduka yote ya mji. Bima nazo zilipie miadi ya video kama zinavyolipia ya ana kwa ana.

Mkazi wa Sumbawanga