Mheshimiwa Mkurugenzi, anza na blowa moja tu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa mamlaka yetu ya maji,

Nakusalimu kwa heshima zote. Ofisini nimeshakuja sana na kila nikifika mapokezi naambiwa uko kikaoni, kwa hiyo naandika hapa hapa, wananchi wote wasome.

Wiki iliyopita umeme ulikatwa pale kwenye mtambo wa majitaka. Pampu za kuinua zikasimama, na sisi wa huku bondeni ndo tunaojua kinachofuata. Chemba ya mtaani ilianza kububujika jioni, usiku maji meusi yakarudi kupitia choo cha ndani yakatambaa koridoni mpaka chumbani kwa mama mkwe wangu ambaye hawezi kutembea, tukambeba na shuka lake. Godoro tumelichoma. Watoto wa mpangaji wangu wanaharisha mpaka leo, na bili ya majitaka ya mwezi huu imekuja palepale, haijapungua hata shilingi.

Vijana wako walipokuja na gari la kunyonya walisema umeme umekatwa kwa deni. Karatasi ya deni sijaiona lakini naamini kabisa, maana mle ndani nimewahi kufanya kazi ya ufundi umeme kwa mkataba na nimeona kwa macho yangu umeme unavyoteketea.

Kwa wasiojua, mtambo wetu ni ule wa kupulizia hewa ili bakteria waule uchafu. Mtambo wa aina hii kazi ya hewa peke yake inakula kama nusu ya umeme wote, mara nyingine hata zaidi. Sasa blowa zetu, yaani zile mashine za kupuliza hewa, zinazunguka mwendo uleule saa 24, saa nane ya usiku watu wamelala majitaka yamepungua kabisa blowa inanguruma vilevile kama saa moja asubuhi mji mzima unaoga. Sensa ya oksijeni ya kwenye bwawa ilikufa zamani, skrini yake imejaa utando wa buibui, opareta anakadiria kwa macho na kwa sababu anaogopa lawama anaacha zote zifanye kazi. Bakteria wale wakipata oksijeni kama miligramu 2 kwa lita inawatosha, ukizidisha hapo unateketeza hela tu. Halafu ile kona ya bwawa karibu na ngazi inatokota mapovu makubwa kama sufuria ya uji, hapo mpira wa zile sahani za chini zinazotoa mapovu umepasuka. Mapovu madogo ndo yanayoyeyusha hewa majini, makubwa yanakimbilia juu yanapasuka, hewa yote imepotea na mita inahesabu.

Mnapoenda EWURA, wale wasimamizi wa bei za maji na umeme, kuomba bei mpya, gharama za umeme hazikosekani kwenye sababu zenu. Sasa mbona hamwendi kuzipunguza pale zinapoanzia?

Ulisimama mbele yetu kwenye mkutano wa hadhara, ukasema inveta, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo wa mota, na sahani mpya zitafungwa kabla ya masika. Tulikupigia makofi, mimi nilikuwepo. Masika yale yalipita, vuli ikapita, na sasa masika mengine ndo hayo yanakuja. Nadhani hela ilihamishiwa kwingine, kama sivyo naomba utuambie ilikwenda wapi.

Kampala pale Bugolobi mtambo wao umejengwa uvundishe tope la majitaka, gesi yake izungushe jenereta na kutoa umeme. Kule Aarhus, Denmark, mtambo wa Marselisborg unatoa umeme mwingi kuliko unaotumia. Sisi tope letu linaanikwa juani gesi inapotea. Lakini sikuombi hayo makubwa Mheshimiwa, hayo najua yanataka mkopo na wafadhili na miaka.

Naomba sensa ya oksijeni itengenezwe au inunuliwe mpya, na inveta ifungwe kwenye blowa moja ili usiku ipunguze mwendo. Blowa moja. Soma mita kabla, soma mita baada ya mwezi, zile namba zibandike getini kila mtu aone, halafu ile hela iliyookolewa ilipe deni ili pampu zisizimwe tena. Mafundi wa kuifunga unao palepale ndani, wanaijua kazi, wamekaa wanasubiri vifaa.

Mvua ziko karibu. Funga hiyo blowa moja kabla hazijaanza, nakuomba sana Mheshimiwa.

Mimi mkazi wa bondeni,
fundi umeme