Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Kuachia Kwanza, Ubao Baadaye

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa yake kabla ya mtunza hazina. Mambo ya fedha namwachia yeye. Vitabu viko mezani, kila mwenye swali avifungue. Mimi nitazungumzia zaidi jambo moja lililonikosesha usingizi mwaka mzima, nalo ni namna tunavyowaingiza majini wanafunzi wapya wa mchezo wetu, ule wa kusimama juu ya ubao na kuvutwa majini na tiara kubwa.

Wanafunzi wameongezeka, na sababu naijua. Mwaka huu mchezo wetu wa ubao na tiara uliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, mashindano yakafanyika Marseille, Ufaransa. Dhahabu ya wanaume ikachukuliwa na Valentin Bontus wa Austria, nchi isiyopakana na bahari popote. Vijana wa Mbeya na Tukuyu walipoiona habari hiyo kwenye simu wakaanza kunitafuta: kama mtu wa milimani ameweza, sisi wenye Ziwa Nyasa tunashindwa nini? Nilifurahi sana kulisikia swali hilo. Hofu yangu ni kwamba simu inamwonyesha mtu akiwa tayari anakata maji kwa kasi, na kijana akifika ufukweni kwetu Matema anataka ubao siku hiyo hiyo.

Jumamosi moja ya Julai mwera ulianza kuvuma tangu saa nne asubuhi. Mnaujua upepo huo wa kusi. Unatembea juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, hauna cha kuuzuia, na ukifika huku kwetu kwenye ncha ya kaskazini unapiga moja kwa moja ufukweni. Mwanafunzi wetu alisimama mchangani na tiara ya mita za mraba 9, ziwa mbele yake, miembe nyuma yake. Ukaja mkupuo wa upepo. Tiara ikanyanyuka, naye akafanya anachofanya kila binadamu akishtuka: akaikumbatia fimbo ya kuongozea tiara na kuivutia kifuani. Sasa, fimbo ikivutwa tiara ndiyo inazidi kushika upepo. Aliburutwa kifudifudi hadi kwenye vyungu vya akina mama wa Kikisi, vilivyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe na kupangwa mchangani vikisubiri wanunuzi. Yeye alinyanyuka na michubuko. Vyungu havikunyanyuka. Kamati ilikwenda kuomba radhi na kulipa siku ile ile. Mama mwenye vyungu alipokea fedha yetu, akaiweka chini bila kuihesabu, akaenda kuchota maji ya kumsafisha kijana magoti. Mama yetu, ndaga fijo, asante sana.

Kosa lilikuwa letu sisi tunaofundisha. Kamba za tiara zina urefu wa mita 20 hadi 24, kwa hiyo upande upepo unakoelekea lazima pawe wazi angalau mita 50: pasiwe na mti, mtumbwi, waya wa umeme wala mtu. Pale hapakuwa wazi hata nusu yake. Tena upepo unaopiga ufukweni uso kwa uso haumfai mwanafunzi aliyesimama nchi kavu, maana ukimzidi unamtupa kwenye vitu vigumu. Upepo unaotufaa ni ule unaopita kando ya ufukwe ukielekea nchi kavu kidogo, ili anayeshindwa arudishwe mchangani taratibu.

Nasema hivi nikiwa na bega ambalo mpaka leo halinyanyuki sawasawa. Mwaka wangu wa kwanza niliburutwa vivyo hivyo, na nakumbuka vizuri vidole vyangu. Niliviangalia vikiwa vimeng'ang'ania fimbo, nikiviamuru kichwani viachie, navyo havisikii. Kifyatuo cha dharura, cha kuitoa tiara nguvu, kilikuwa pale pale chini ya fimbo, chekundu, kinaonekana. Sikukigusa. Aliyenifundisha alikuwa amenionyesha mara moja tu, kwa mdomo, tukiwa tumekaa kivulini.

Ndiyo maana tangu Agosti kamati imeweka utaratibu mpya, na naomba mkutano huu uuthibitishe. Hakuna mwanafunzi atakayepewa ubao kabla mikono yake haijajua kuachia. Anavaa mkanda wa kiunoni, mwenzake anashika ndoano na kumvuta mchangani kama tiara, na mwalimu anasema "achia" wakati asioutarajia. Kwanza anaachia fimbo. Fimbo ikisukumwa mbali tiara inapoteza nguvu nyingi, na mara nyingi hilo peke yake linatosha. Nguvu ikiendelea, anafyatua kifyatuo, tiara inalala ikiwa imeshikwa na kamba moja tu ya usalama. Bado inavuta? Anafungua na hiyo kamba, tiara iende zake. Anayarudia kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, macho wazi, macho yamefungwa, akiwa chini ya maji ya kiunoni. Wengine wamelalamika kwamba tunawachosha. Nawaelewa, ila sitaulegeza utaratibu huu nikiwa kwenye kiti hiki.

Katika kufundisha tumegundua kwamba saa yetu ya Kiswahili inasaidia. Tunamwambia mwanafunzi atazame upande upepo unakokwenda, aone uso wa saa umesimama mbele yake. Tiara ikiwa saa sita, pale jua la mchana linapokaa utosini, inatulia. Ikiwa pembeni, saa tatu au saa tisa, nayo haina nguvu kubwa. Hatari ni pale katikati, chini, mbele yako kabisa. Tiara ikipita hapo inavuta kwa nguvu zake zote, na wengi huipitisha hapo kwa kugeuza fimbo kwa pupa.

Kuhusu mazoezi ya nchi kavu kule Uyole, Mbeya: yaendelee kwa tiara ndogo za mita za mraba 2 au 3, lakini tuuhame uwanja wenye nguzo za umeme. Na walimu wakumbuke kwamba hewa ya Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya ziwani. Aliyezoea mvuto wa Uyole ataikuta tiara ile ile, kwa upepo wa kasi ile ile, ni nzito zaidi Matema. Jambo kubwa kuliko hilo ni kasi yenyewe. Upepo ukipanda kutoka noti 10 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo) hadi 20, mvuto unakuwa mara nne. Anayeanza abaki kati ya noti 12 na 18, na kipimo kisomwe ufukweni kabla tiara haijajazwa pampu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tunausoma kila asubuhi, kisha tunawauliza wavuvi. Wao wanaliona wingu linalojikusanya juu ya Milima ya Livingstone mapema kuliko sisi. Wingu la ngurumo likionekana, tiara zote chini, hata kama mwera bado ni mtamu.

Asubuhi ziwa linapolala kama kioo na upepo mwembamba ukishuka kutoka milimani, hatutoki. Maji hayo yanamvutia sana mwanafunzi, lakini upepo huo unamsukuma kwenda kilindini. Akipotelea huko asiiache tiara kuogelea peke yake: imejazwa hewa, inaelea, na inaonekana kutoka mbali. Akunje kamba kwenye fimbo, aifikie tiara, aishikilie akisubiri boti. Tumekubaliana na wenye boti ya injini wakae tayari kila tunapofundisha; mafuta tunalipa sisi, na siku ambayo boti haipo hakuna somo.

Midomo ya mito, hasa Lufilyo, tuendelee kuikwepa kwa sababu ya mamba. Waliokaa majini sana wapime kichocho. Dawa ipo na inatibu.

Vifaa: tiara mbili za zamani ambazo hazina kifyatuo cha kuaminika tumeziondoa. Kuna aliyeomba auziwe kwa bei nafuu, nikakataa. Vitambaa vyake vitashonewa mifuko. Kofia ngumu na jaketi okozi zinatosha darasa dogo tu, kwa hiyo darasa litabaki dogo mpaka mtunza hazina aseme vinginevyo.

Masomo yataanza tena Mei, mwera ukirudi. Gari litaondoka Mbeya Ijumaa mchana kupitia Tukuyu, Kyela na Ipinda. Wanafunzi wapya waje na nguo za kuogelea, kofia ya jua na maji ya kunywa. Mbao tutaziacha Mbeya kwa safari mbili za kwanza.