Barua kwa vijana wangu wa Kangaruu: enjini tunayo, breki hatuna

Wanangu na wajukuu zangu mnaojaza sebule yangu huku Australia kila wikendi ya mechi ya North Melbourne, Kangaruu wetu wa mpira wa Australia, salamu kwanza.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa mdomo hamnipi nafasi. Nikianza sentensi mmoja kashika rimoti, mwengine kashasimama anapiga kelele kocha Clarkson afukuzwe, yule wa Bujumbura anacheka tu, na chai inapoa. Mimi sauti ya kushindana na nyinyi sina tena, niliimaliza kwenye malori. Kwa hiyo someni polepole, na mkimaliza ndio mtukane.

Nimesikia pia kuna mmoja wenu kanunua skafu ya Collingwood, timu ya wapinzani. Simtaji, anajijua, na mamake anajua pia.

Najua mnaumia, msidhani mimi siumii. North Melbourne imechukua kombe mara nne tu, 1975, 1977, 1996 na 1999, na hiyo ya mwisho wengi wenu hata hamjazaliwa. Halafu angalieni tulikotoka juzi juzi: 2020 mechi 3 tulizoshinda, 2021 tukashinda 4 na sare moja, 2022 tukashinda 2, 2023 tukashinda 3, 2024 tena 3, 2025 ndio tukapanda kidogo tukafika 5 na sare moja. Hizo ni hesabu za mtu anayeuza maandazi siku ya mvua. 2023 tulianza kwa kushinda mbili tukaona sasa mambo yamekaa sawa, kumbe ndio tumefungua mlango wa kufungwa 20 mfululizo, mpaka mechi ya mwisho kule Hobart, Tasmania, tukawapiga timu ya Gold Coast. Na siku ile nakumbuka kuna wenzenu walikasirika eti kwa nini tumeshinda, tumekosa chaguo la kwanza la drafti, ule mgao wa vijana wapya ambapo timu ya mkiani huchagua kwanza, na kijana Harley Reid kaenda timu ya West Coast! Wallahi nilinyamaza nikaingia kulala. Mtu anaomba timu yake ifungwe, huyo hata ukimpa kombe atalilalamikia.

Sasa tuje kwenye kocha maana ndio wimbo wenu. Hebu tuhesabu pamoja waliokaa kile kiti tangu 2019: Brad Scott akaondoka katikati ya msimu, akaja Rhyce Shaw, akaja David Noble, naye akaondoka katikati ya msimu, Leigh Adams akashikilia, akaja Alastair Clarkson, na mwaka wake wa kwanza akalazimika kupumzika kwa miezi kadhaa, Brett Ratten akashikilia. Miaka mitano, watu sita! Mtoto aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 amefundishwa kusimama hivi, mwaka unaofuata asimame vile, mwengine anamwambia kimbia, mwengine anamwambia ngoja. Halafu mnashangaa mpira ukipotea watu wanaangaliana kama waliosahau funguo ndani ya nyumba. Clarkson alichukua makombe manne akiwa Hawthorn, 2008 halafu 2013, 2014 na 2015, na alipokuwa kijana alichezea North hii hii. Simwabudu, na nina maneno yangu juu yake yanakuja huko chini, lakini mkishamfukuza mtamleta nani, na atahitaji miaka mingapi kuanza kufundisha kusimama?

Tatizo letu mimi naliona hivi, na hapa naomba simu mziweke chini.

Nilikuwa naendesha lori kutoka Mombasa, nabeba chakula cha msaada mpaka Kakuma na Lokichoggio. Ukishapita Kapenguria barabara inashuka milima ile kuelekea Marich, kona juu ya kona, upande mmoja jabali na upande wa pili hakuna kitu. Pale kupanda si kazi, enjini yoyote nzuri inapanda. Kushuka na tani zako nyuma ndio utajua dereva nani na fundi nani. Turnboi wangu alikuwa na mawe mawili makubwa ya kuwekea tairi, anakaa nayo miguuni kama mtu aliyepakata watoto, na kabla hatujashuka lazima tusimame nikanyage breki, nisikilize hewa, nikanyage tena. Kuna madereva walikuwa wanatucheka kwamba tunapoteza muda. Wengine wao nilizikuta gari zao huko chini.

Basi North ni lori la enjini mpya bila breki. Tukiwa na mpira tunapendeza! Tukiupoteza tu, kwisha, wapinzani wanatoka na mpira kwao mpaka kwetu hakuna aliyewagusa, teke moja, teke la pili, goli, pointi 6. Kuna mechi gani nyengine ya kuonyesha kuliko ile ya Collingwood ya Juni 2024? Tuliongoza kwa pointi 54. Hamsini na nne! Mke wangu akaniambia leo mahamri nakaanga ya kusherehekea, na nyinyi mkaanza kucheza dansi hapa mpaka jirani wa chini akagonga kwa ufagio. Tukafungwa kwa pointi moja. Mahamri yakaliwa kimya, yaani unasikia watu wanatafuna tu. Najua mtaniambia habari ya marefa dakika za mwisho, sawa, na mimi niliona, lakini refa hakurudisha zile pointi 54, zilirudi zenyewe moja moja kwa sababu watu wetu walikuwa wanakimbia kwenda mbele na kurudi wanatembea.

Ndio maana nawaambia, mkiangalia mechi msifuate mpira peke yake. Mpira wa huku uwanja mkubwa, watu 18 kila upande, kamera inaonyesha vipande tu. Nendeni uwanjani siku moja, mchagueni mtu mmoja, mwangalieni kota nzima, yaani robo ya mechi, hasa dakika ambazo hana mpira. Mtaona mambo. Mtamuona Tristan Xerri, mtu wa mita mbili, kazi yake kuruka kugombea mpira pale katikati, lakini akishatua anamfukuza mtu mdogo mpaka anamwangusha. Mtu mkubwa kuliko wote ndio anakimbia kurudi kuliko wote! Wangekuwa Xerri sita tungekuwa mbali.

Na mkitaka kuona breki zinafananaje, mwangalieni yule Aliir Aliir wa Port Adelaide. Huyo ni wa kwetu kwa namna fulani, kazaliwa Kakuma mwaka 1994, kambi ile ile niliyokuwa napeleka mahindi, labda nimeshawahi kupita na lori langu mamake kambeba mgongoni, nani ajuaye. Kaja huku mtoto, mpira huu kajifunza ukubwani kidogo, Sydney wakamchukua kwenye drafti ya 2013 chaguo la 44, yaani hakuna aliyemgombania. Leo ukipiga mpira mrefu kuelekea lango la Port yeye yuko hewani anaudaka kabla yako. 2021 wakamweka kwenye timu bora ya nchi nzima. Hafungi magoli, na nyinyi mnaojua majina ya wafungaji tu mnapitwa na mtu kama huyo.

Tena mbali hakuna haja kwenda. Hapo hapo Arden Street kwenye makao yetu, klabu ile ile, bluu na nyeupe ile ile, wanawake wetu wamechukua ubingwa 2024 bila kufungwa hata mechi moja, sare moja tu, na 2025 wakarudia, safari hiyo hata sare hakuna. Wangapi kati yenu mmekaa mkawaangalia dakika zote? Nawauliza kwa sababu sebule yangu msimu wao ukianza mwezi wa nane inakuwa tupu, nabaki mimi na mjukuu wangu wa kike. Kocha wao Darren Crocker alikuwa kwenye kile kikosi cha 1996, na hawa dada sio kwamba wanafunga tu, wanabana. Jasmine Garner akiupoteza mpira yeye mwenyewe ndio wa kwanza kuufuata, hatupi mikono juu, haangalii mwenzake kumlaumu. Timu pinzani inapiga mechi nzima inatoka na magoli ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi nikiwa Clarkson ningewapeleka wale vijana wangu wakakae jukwaani wawatazame dada zao, na daftari mkononi.

Kuhusu wachezaji wenyewe sitasema mengi, maana vipaji tunavyo. Harry Sheezel mwaka wake wa kwanza tu 2023 alibeba tuzo ya kijana bora wa ligi na tuzo ya mchezaji bora wa klabu, mtoto wa juzi. Luke Davies-Uniacke kila mtu alisema anaondoka, kabaki, heshima yake. Nick Larkey alifunga magoli 71 kwenye ule ule mwaka wa kufungwa mara 20, fikirieni hilo, mtu anavua samaki kwenye ndoo. Shida yake mpira unamfikia juu juu, umechelewa, mabeki watatu wameshafika. George Wardlaw ndio moyo wangu, anaingia kwenye mpira kama mwenye deni, ila msuli wa paja umemsumbua sana, tumuombee. Na yule Jason Horne-Francis aliyekuja chaguo la kwanza akaondoka baada ya msimu mmoja, achaneni naye jamani, Sheezel na Wardlaw wote wawili wametoka kwenye biashara ya kumwachia, mnazomea nini?

Sasa yale maneno yangu juu ya kocha. La kwanza, Sheezel. Alianza nyuma akawa anausambaza mpira vizuri mno, mara katikati, mara mbele, mara arudi. Kijana anayejua kila kona ya nyumba si vibaya, lakini apewe chumba chake basi. La pili ni lile la drafti ya 2024, kuwapa Richmond chaguo letu la kwanza la mwaka unaofuata ili tumchukue Matt Whitlock. Kijana sina neno naye, anaweza kuja kuwa mtu. Lakini timu iliyokaa chini miaka yote hiyo haiuzi shamba la mwakani, na tukamaliza 2025 nafasi ya 16, chaguo zuri likaenda kwa jirani. Hapo mlipopiga kelele mlikuwa na haki, na mimi nilipiga pia, mke wangu shahidi. La tatu, tumekuwa tunahamisha mechi zetu za nyumbani tunapeleka Hobart na kwengine kwa ajili ya pesa, naelewa njaa ya klabu, lakini hilo si la kocha, nimeliweka tu kwa sababu linaniuma.

Kuwaleta Luke Parker na Caleb Daniel nilikubali moja kwa moja. Daniel mnamjua, yule mfupi wa sentimita 168 anayevaa helmeti, alichukua kombe na Bulldogs 2016. Mtu mzima kwenye timu ya watoto anahitajika, hata kama miguu imechoka, ananyoosha kidole: simama pale, wewe rudi. Ndio turnboi na mawe yake.

Halafu neno moja kuhusu midomo yenu. Kukosoa sawa, timu ni ya kukosolewa. Lakini Jumamosi ile nilisikia mmoja anamtukana mchezaji wa miaka 19 mambo ya mamake, na wadogo zenu wamekaa hapo kwenye mkeka wanasikiliza. Wadogo hao hao wanaokwenda Arden Street jioni kufanya homuweki kwenye ule mradi wa klabu, wa Huddle, wanawapita wachezaji kwenye korido wanasalimiana nao. Mtoto kaniuliza, babu, yule mtu mbaya? Nikamwambia hapana, ameukosa mpira tu.

Klabu hii iko tangu 1869. Mwaka 2007 wenye ligi walitaka ihamie mji wa Gold Coast, ipewe na pesa, klabu ikasema haiendi. Jina lake jengine la utani, Shinboners, ni la mifupa ya muundi, inasemekana mabucha wa mtaa walikuwa wanatundika miundi ya ng'ombe imepambwa rangi za timu siku za mechi. Timu ya supu ya mifupa hiyo, si ya watu wa kukimbia wakiona jungu halijachemka.

Wikendi hii mechi inaanza mchana, njooni mapema, viti vimepungua kwa hiyo kila mtu na chake. Mke wangu anasema mahamri atakaanga baada ya kota ya mwisho, kabla ya hapo hakuna. Na mwenye skafu ya Collingwood aje pia, aitundike huko nje kwenye reli ya ngazi.

Wenu,
Babu Dereva