Nusu Unayoitupa Ndiyo Inayokula Faida Yako

Simu nyingi tunazopokea kutoka viwanda vya dawa huanza na swali moja: mnatoza kiasi gani kutenganisha aina mbili za molekuli ndani ya kilo moja ya dawa? Tunalijibu, ila kwanza tunaomba kuona njia nzima ya kutengeneza dawa hiyo, tangu malighafi hadi unga wa mwisho. Gharama ya kutenganisha haiamuliwi sana na kifaa. Inaamuliwa na hatua unayotenganishia, na unachofanya na ile nusu usiyoihitaji.

Kwa msimamizi wa ununuzi asiye mkemia, jambo lenyewe ni hili. Kuna molekuli zilizo kama mkono wa kulia na wa kushoto: viungo ni vilevile, mpangilio ni uleule, lakini huwezi kuulaza mmoja juu ya mwingine ukalingana nao. Hizo ndizo kairali. Mmenyuko wa kawaida hutoa mikono yote miwili nusu kwa nusu, mchanganyiko uitwao rasemiki. Mikono hiyo inachemka kwenye joto moja na kuyeyuka sawasawa ndani ya kiyeyusho kimoja, kwa hiyo kuikeneka au kuichuja tu hakuigawi. Mwili wa binadamu, kinyume chake, unaitofautisha vizuri sana. Ethambutoli, dawa ya kifua kikuu, inatumia mkono mmoja tu; mwenzake hausaidii kitu dhidi ya bakteria, lakini unaweza kuyadhuru macho vilevile. Tangu mamlaka ya dawa ya Marekani itoe mwongozo wake wa 1992, mtengenezaji anatarajiwa kujua kila mkono unafanya nini, na wengi wameona ni afadhali kuuza mmoja tu.

Turudi kwenye pesa. Mchanganyiko wa rasemiki una asilimia 50 tu ya unachokitaka. Ukitenganisha kwenye hatua ya mwisho, kila kilo 100 unazouza zimetanguliwa na angalau kilo 200 zilizopita katika kila tangi, zikala viyeyusho, vichocheo, mvuke na saa za wafanyakazi. Ukitenganisha hatua ya pili, mzigo huo mara mbili unaubeba kwa hatua mbili tu. Ndiyo maana tunazungumzia zaidi kemikali za kati, yaani zile zinazopatikana njiani kabla ya dawa yenyewe, kuliko dawa iliyokamilika. Kwenye ethambutoli hiyohiyo, kinachotenganishwa ni aminobutanoli, molekuli ndogo ya mwanzoni, na kazi inafanywa na asidi ya tartari.

Njia hiyo, ya kutengeneza chumvi kwa asidi, ndiyo tunayoijaribu kwanza karibu kila mara. Unachukua amini yako (molekuli yenye tabia ya besi) yenye mikono miwili, unaipa asidi yenye mkono mmoja tu, kama ya tartari au ya mandeli. Zinatoka chumvi mbili ambazo sasa si kivuli cha mwenzake tena, na umumunyifu wake unatofautiana. Moja inaganda kuwa fuwele, nyingine inabaki kwenye kimiminika. Molekuli yako ikiwa ni asidi, unageuza mambo: unaipa besi yenye mkono mmoja. Vifaa vinavyohitajika kiwandani ni tangi lenye koti la kupozea, kichujio na kikaushio, na hivyo tayari unavyo.

Ugumu uko kwenye kupata jozi inayofaa ya asidi na kiyeyusho, na hakuna anayeweza kukutabiria kwa uhakika kwa kutazama mchoro wa molekuli. Inabidi kujaribu. Tunapanga chupa ndogo kwa makumi na kusubiri. Mwaka uliopita mteja mmoja alituletea amini iliyokuwa imemshinda. Kila asidi ilimpa mafuta mazito yaliyotuama chini kama asali. Kwetu nayo ilifanya vivyo hivyo siku mbili nzima. Siku ya tatu mwenzetu wa maabara aliongeza matone machache ya maji kwenye chupa ya ethanoli, akakwaruza ukuta wa ndani kwa kijiti cha kioo, akaiacha usiku kucha. Asubuhi chupa ilikuwa imejaa sindano nyeupe, na kipimo kilionyesha mkono uliotakiwa ni asilimia 96. Fuwele zile tulizihifadhi kama mbegu za kuanzishia fuwele nyingine, na mpaka leo kila mzigo wa mteja yule unaanza na kijiko cha mbegu.

Tulipohamia tangi la lita 50, kosa likawa letu. Tulipoza kwa saa moja. Fuwele zilitoka laini kama unga wa ngano, zikaziba kichujio na kunywa kimiminika chenye mkono mwingine, usafi ukashuka hadi asilimia 81. Tulirudia kwa kupoza polepole kwa saa nane, tukaosha mara mbili kwa kiyeyusho baridi, na usafi ukarudi. Ukisikia bei ya mtu anayeahidi kupeleka matokeo ya chupa moja kwa moja kwenye tangi kubwa, muulize amepanga kupoza kwa kasi gani.

Asidi ya kutenganishia nayo ni gharama, lakini haitakiwi kuwa gharama ya kila mzigo. Wakemia Pope na Peachey walionyesha tangu 1899 kwamba unaweza kutumia nusu tu ya kipimo chake na kujazia na asidi ya kawaida ya bei rahisi. Inayotumika nayo inarejeshwa: unaivunja chumvi, unaichukua bidhaa yako, kisha unaitoa asidi kwenye maji kwa matumizi mengine.

Sasa ile nusu nyingine, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Molekuli nyingi zinaweza kurudishwa kuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwa joto au kwa besi kidogo, na kuingia tena tangini. Naproksini, dawa ya maumivu, inatengenezwa kwa mtindo huo: mkono usiotakiwa unarudishwa kwenye mchanganyiko, na besi inayotenganisha, iliyotokana na glukosi, inatumika tena na tena. Pregabalini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, inatoa funzo kubwa zaidi. Njia yake ya kwanza ilitenganisha mwishoni kwa asidi ya mandeli, na mkono mbaya ukawa taka. Wakemia wa kampuni ya dawa ya Pfizer wakahamishia utenganishaji mwanzoni, wakatumia kimeng'enya cha lipasi ndani ya maji, na mkono uliobaki wakaurudisha kwenye mzunguko. Taka kwa kila kilo ya bidhaa zilishuka kutoka kilo 86 hadi 17. Kila kilo ya taka iliyopungua ni kitu ambacho mtu alikuwa amekinunua.

Njia nyingine ni kromatografia: mchanganyiko unapitishwa kwenye kolamu, bomba lililojazwa kitu kinachoshika mkono mmoja zaidi ya mwingine. Kolamu hatuzidharau. Molekuli isiyo asidi wala besi haina mahali pa kushikia chumvi, na hapo kolamu inaweza kuwa njia bora. Kwa kazi kubwa upo mfumo wa kolamu kadhaa zinazozungushwa kwa zamu, uliozaliwa kwenye viwanda vya mafuta ya petroli miaka ya 1960, na unatumia kiyeyusho kidogo kuliko kolamu moja. Tena, kama unahitaji kilo mbili za majaribio ndani ya wiki tatu, tutakuambia nenda kwenye kolamu, hata kama kazi hiyo haitakuja kwetu. Kutafuta chumvi inayofaa kunachukua muda, na faida yake huonekana unapotengeneza mizigo mingi.

Ukitaka tuanze, tunahitaji gramu 10, mchoro wa hatua zako zote, na usafi unaoulenga. Usidai asilimia 99.5 kwenye mchujo wa kwanza. Mara nyingi inakuwa rahisi zaidi kuchukua 90 kwa mavuno mengi, kisha kuzigandisha fuwele mara ya pili. Na tafadhali tutumie sampuli kama inavyotoka kwenye tangi lako, si ile uliyoisafisha maabara kwa ajili yetu. Uchafu kidogo unatosha kuzuia fuwele zisianze, na tungependa kuujua mapema kabla mzigo wako wa kwanza haujaingia tangini.